Kuchagua kipoza cha prosesa kwa kompyuta ya mezani ya gemu yenye kasha dogo katika joto la Mombasa

Boksi la kipoza huandikwa wati, yaani kiasi cha joto kinachodaiwa kuweza kuliondoa: 150, 180, 220. Namba hizo ziache dukani. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na boksi halikwambii zilipimwa kwenye chumba chenye joto gani. Kwa mtu wa Mombasa hilo ndilo swali lenyewe. Kipoza cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa kinayoivuta. Cha maji nacho hakiwezi, kwa kuwa maji yake hupozwa na hewa ya chumba hichohicho. Kwa hiyo hesabu huanzia chumbani, ikapita ndani ya kasha, ndipo ikafika kwenye prosesa.

Hesabu ya nyuzi

Februari na Machi joto la mchana mjini hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na usiku halishuki sana chini ya 25. Julai, kusi ikivuma, mchana huwa kama 27 au 28. Chumba kilicho chini ya mabati kule Kisauni au Mikindani hupita hapo kwa urahisi, ilhali chumba cha chini cha nyumba ya kale ya Mji wa Kale, yenye kuta nene za matumbawe, huwa na nafuu. Usibahatishe. Nunua kipimajoto kidogo, kiweke pale kompyuta itakapokaa, ukisome saa nane mchana, kisha ukisome tena usiku baada ya kucheza gemu kwa saa mbili mlango ukiwa umefungwa. Kompyuta inayokula wati 400 inamwaga karibu wati zote hizo chumbani kama joto, na chumba kidogo kilichofungwa kwa sababu ya mbu hupanda nyuzi kadhaa. Feni ya dari haihesabiwi hapa. Inakupoza wewe kwa kukausha jasho, lakini hewa yenyewe inabaki na joto lilelile.

Ukishajua joto la chumba, ongeza la kasha. Ndani ya kasha la lita 10 hadi 18, hewa inayofika kwenye feni ya kipoza huwa juu ya ile ya chumba kwa nyuzi 5 hadi 10 kadi ya grafiki inapofanya kazi. Kisha tazama kikomo cha prosesa. Ryzen (prosesa za AMD) nyingi za mfululizo wa 7000 na 9000 hujizuia zikifika nyuzi 95, Ryzen 7 7800X3D kwenye 89, Ryzen 7 5800X3D kwenye 90, na Intel Core za kizazi cha 12 hadi 14 kwenye 100. Prosesa haiungui ikifika hapo, bali inapunguza kasi, yaani inakunyang'anya ovakloki, ile kasi ya kupita ya kiwandani uliyoitafuta. Jiwekee dari ya nyuzi tano chini ya kikomo.

Sasa tafuta kipimo cha kipoza unachokitaka, kilichofanywa kwa prosesa ya familia yako, kinachotaja mambo matatu: joto la chumba, wati zilizotumika kweli, na joto la prosesa. Tuseme chumba kilikuwa nyuzi 22, wati 120, prosesa ikasimama kwenye 79. Toa 22 kwenye 79 upate 57, gawanya kwa 120: ni nyuzi 0.475 kwa kila wati moja. Hamishia hesabu hiyo Mombasa mwezi wa Machi. Chumba 33, kasha 7, jumla 40. Dari yako ni 90, basi umebakiwa na nyuzi 50. Gawanya 50 kwa 0.475 na utapata wati 105. Kipoza kilichobeba wati 120 huko kikiwa na nafasi ya kutosha, hapa kinaishia 105. Ukiwa na AC inayoshikilia chumba kwenye 25, kipoza hichohicho kinarudi kwenye wati 122.

Familia ya prosesa ni muhimu kwa sababu safari ya joto haianzii kwenye mapezi, yaani mabamba membamba ya kipoza: lazima kwanza litoke kwenye silikoni. Kipande chenye viini (sehemu zinazofanya hesabu) vya Zen 4, kizazi cha Ryzen 7000, kina eneo la kama milimita mraba 71 tu, na joto lililobanwa mahali padogo hivyo hutoka kwa shida hata ukiweka kipoza kikubwa. Kwenye 7800X3D kumbukumbu ya ziada imelazwa juu ya viini, ikawa kama blanketi. Kwenye 9800X3D imewekwa chini yake, ndiyo maana hii ya pili inavumilia wati nyingi zaidi na imefunguliwa kwa ovakloki.

Ovakloki inakula wati ngapi

Wati hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Toka 4.7 hadi 5.0 GHz ni nyongeza ya asilimia 6 na kidogo. Kama kufika huko kumehitaji kutoka volti 1.20 hadi 1.30, wati zinaongezeka kwa takriban asilimia 25: prosesa ya wati 100 inakuwa ya 125. Huo ni mkataba mbaya ndani ya kasha dogo, na mbaya zaidi ukiwa pwani.

Kwa AMD, fahamu pia kwamba wati zilizoandikwa kwenye boksi la prosesa si zile inazovuta. Ya 65 huruhusiwa hadi 88 kwenye soketi (kikao cha prosesa kwenye bodi) ya AM5, ya 105 hadi 142, ya 120 hadi 162, na ya 170 hadi 230. Kwa Intel, Core i5-14600K ina kikomo cha wati 181, na i9-14900K cha 253. Hiyo ya mwisho usiifikirie kwa kasha la lita 10 katika mji huu, na tusibishane.

Ovakloki inayofaa hapa huanza kwa kushusha volti. Kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio kabla ya Windows kuwaka) ya bodi za AMD fungua PBO, sehemu ya ovakloki ya AMD, kisha Curve Optimizer, inayorekebisha volti, uweke hasi 10 kwa viini vyote. Ikitulia nenda hasi 15, halafu hasi 20. Kila hatua moja hushusha takriban milivolti 3 hadi 5. Prosesa ikiona ina nafasi ya joto, hupanda kasi yenyewe. Ukizidisha, usitarajie kosa lijitokeze wakati wa mzigo mzito. Mara nyingi kompyuta huzima na kujiwasha ikiwa imetulia, video imesimama na wewe umeenda kutia chai. Hapo rudi hatua tano. Halafu weka kikomo cha wati, kwa mfano 100, ulingane na hesabu uliyoifanya. Kwenye gemu hutaona tofauti kubwa, kwa sababu gemu nyingi hazitumii viini vyote kwa wakati mmoja.

Milimita ndizo zinazoamua

Kila kasha lina urefu wa mwisho wa kipoza linachokikubali. Dan A4-SFX la lita 7.2 linakubali milimita 48. Lian Li A4-H2O la lita 11 linakubali 55, lakini limetengenezwa hasa kwa kipoza cha maji chenye rejeta ya 240, yaani ya feni mbili za milimita 120. Fractal Terra la lita 10.4 lina ukuta wa kati unaosogezwa: hutoa kuanzia 48 hadi 77, ila kila milimita unayompa prosesa unamnyima kadi ya grafiki. Cooler Master NR200 la lita 18.25 linafika 155.

Chini kabisa kuna Noctua NH-L9i ya Intel na NH-L9a ya AMD, milimita 37, feni ya 92 yenye unene wa 14. Ni kazi safi ya ufundi, lakini katika chumba cha nyuzi 33 hicho ni kipoza cha prosesa iliyofungwa kwenye wati 65. Ovakloki isahau. Thermalright AXP90-X47, milimita 47 na vibomba vinne vya shaba, hupanda ngazi moja. Kuna toleo la shaba tupu. Lina uzito na bei zaidi, na hewa ya bahari hulibadilisha rangi upesi, jambo lisilodhuru kazi yake. Milimita 67 hadi 70 ndipo feni ya 120 inapoingia, kama Thermalright AXP120-X67 au Noctua NH-L12S, na hapo ndipo kushusha volti kunaanza kulipa.

Vipoza vya mnara ni habari nyingine. NH-U9S ina urefu wa 125. Peerless Assassin 120 SE, yenye minara miwili, feni mbili na vibomba sita, ni 155 kamili, kwa hiyo inaingia NR200 bila nafasi ya ziada hata ya karatasi. NH-D15 ya 165 haiingii.

Ushauri wetu hauna kona: kama huna AC na unataka ovakloki kweli, usinunue kasha lisilofika milimita 67, na kama meza ina nafasi nunua la lita 18 uweke mnara. Lita nane za ziada zinakupa utulivu ambao fedha haitaununua ndani ya kasha la lita 10.

Urefu ukitosha, bado kuna ujirani. Bodi ndogo ni sentimita 17 kwa 17 na kila kitu kimesongamana. Vijiti vya RAM visivyo na mapambo huwa na urefu wa milimita 31 hadi 34. Vile vyenye taa hupita 40, na kipoza cha feni ya 120 kitavilalia. Vipande vya kupoza saketi ya umeme, upande wa matundu ya nyuma, navyo hurefuka kwenye bodi za ghali. Watengenezaji wakubwa wa vipoza huweka kwenye tovuti zao jedwali la bodi zilizojaribiwa. Lisome kabla ya kutuma pesa, maana kurudisha mzigo Nairobi kwa basi ni gharama yako.

Na soketi. LGA1700, ya Intel za kizazi cha 12 hadi 14, ina matundu yenye umbali wa milimita 78, wakati LGA1200 na 1151 za kabla yake zina 75. Kipoza cha mtumba cha zamani hakitakaa bila vishikizo vipya. AM5 hutumia matundu ya AM4, soketi ya AMD iliyoitangulia, lakini bamba lake la nyuma halitoki, kwa hiyo kipoza cha AM4 kinachokuja na bamba lake mwenyewe hakifungiki. Muulize muuzaji akupigie picha ya vishikizo vyote vilivyomo ndani ya boksi. Picha ya boksi peke yake haitoshi.

Maji au hewa

Rejeta ya 240 ina eneo kubwa, na ndani ya A4-H2O ndiyo njia pekee ya kubeba wati 140 na zaidi. Pima unene: rejeta ya kawaida ni milimita 27, feni 25, jumla 52, nafasi iliyopo 55. Arctic Liquid Freezer III ina rejeta ya 38. Jumlisha na feni upate 63, na haiingii, hata ukiombewa dua.

Sehemu ya juu ya rejeta lazima ipite pampu kwa kimo. Hewa kidogo iliyomo ndani ya mfumo hukimbilia juu. Ikikusanyika kwenye pampu utasikia mlio wa kokoto, na pampu itakufa mapema. Maji nayo hupungua polepole kupitia mipira, na joto huharakisha, kwa hiyo usitegemee rejeta iliyofungwa kiwandani ikae muda unaokaa mnara wa chuma. Mnara ukiharibika, kilichoharibika ni feni, na feni ya 120 inapatikana mjini.

Rejeta ikiwa juu, unaweza kuzielekeza feni zitoe hewa nje au ziivute ndani. Zikitoa, rejeta inakula joto la kadi. Zikivuta, prosesa inapata hewa ya chumba lakini kadi inarushiwa mabaki. Jaribu zote mbili. Kwa kadi inayozidi wati 250 mara nyingi kutoa ndiko kunakoshinda kwa jumla.

Kwa kipoza kifupi kinachopuliza chini, kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni sponji. Feni ikiwa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifuniko chenye matundu, inavuta tena hewa yake yenye joto iliyorudi pembeni. Kata sponji ngumu iwe pete ya duara la feni, ijaze pengo hilo, na kipoza kitavuta hewa ya nje tupu. Feni ikikaribia kifuniko chini ya milimita 3, itavuma. Acha 3 hadi 5.

Kufunga

Fungia kipoza juu ya meza, bodi ikiwa bado nje ya kasha. Chomeka kabisa waya wa umeme wa prosesa na waya wa feni kwenye CPU_FAN, kwani ndani ya lita 10 vidole havitafika. Pampu ya maji ichomekwe kwenye tundu lake na iwekwe asilimia 100.

Bandua plastiki ya chini ya kipoza. Kosa hili linajulikana na kuchekwa, lakini mafundi bado hulikuta. Futa prosesa kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa soma lebo kwanza, nyingine zina mafuta. Pesti iwe ya ukubwa wa punje ya choroko mbili katikati. Kwa LGA1700, ambayo ni ndefu, weka mstari mwembamba. Arctic MX-6 au Noctua NT-H1 zinatosha. Karatasi ya PTM7950 ya Honeywell, ambayo hulainika kwenye nyuzi 45 hivi, inafaa sana mahali pa joto kwa kuwa haisukumwi pembeni kama pesti nyepesi, ila huhitaji kupata moto na kupoa mara kadhaa kabla ya kufikia uwezo wake. Metali ya maji usiiguse: galiamu iliyomo hula aluminiamu, na tone moja kwenye bodi ni msiba.

Skrubu zikazwe kwa mkingamo, zamu mbili-mbili, mpaka zigome. Ukikaza upande mmoja kwanza, pesti inakimbilia upande wa pili na baadhi ya viini vitakuwa na nyuzi kumi zaidi ya vingine.

Unapokuja kung'oa kipoza kwenye AM4, kwanza tia prosesa moto kwa gemu dakika kumi, zima, kisha kizungushe kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukivuta wima, prosesa hutoka nacho na pini hupinda.

Kujaribu

Jaribu saa nane mchana, kifuniko kikiwa kimefungwa, AC ikiwa katika hali utakayoitumia siku zote. Fungua programu ya HWiNFO uone wati na nyuzi, kisha endesha Cinebench R23, programu ya kuitwisha prosesa mzigo, dakika kumi kwa hewa, thelathini kwa maji, kwa sababu maji huchelewa kujaa joto na dakika za mwanzo hudanganya. Baada yake cheza gemu nzito nusu saa, kwa maana Cinebench haiwashi kadi.

Soma mwendo wa mstari. Nyuzi zikiruka hadi 95 ndani ya sekunde mbili huku wati ziko chini, mguso ni mbaya: plastiki, skrubu, au pesti haikuenea. Zikipanda polepole kwa dakika kumi bila kutulia, kasha linavuta hewa yake lenyewe. Toa kifuniko. Zikishuka zaidi ya nyuzi tano, tatizo ni njia ya hewa, na kipoza kikubwa zaidi hakitakusaidia. Zikishuka moja au mbili tu, basi kipoza kimefika mwisho wake: punguza wati au badilisha kipoza.

Vumbi lenye chumvi

Karibu na bahari, Nyali, Kizingo, Bamburi, vumbi haliwi kavu. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na asubuhi nyingi mji huu huwa juu ya hapo. Vumbi hilo hushika mapezi kama uji uliokauka, na blowa peke yake haling'oi. Tumia brashi laini yenye isopropili, umeme ukiwa umechomolewa. Chujio za kasha zioshwe kila mwezi na mapezi yasafishwe kila miezi mitatu. Unapopuliza, shika feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizunguka kwa kasi ya blowa huharibu beringi na huweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Kwa wenye AC kuna jambo moja zaidi. Chumba kilichokaa nyuzi 18 usiku kucha, AC ikazimwa na madirisha yakafunguliwa asubuhi, kitapokea hewa ambayo hutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Kompyuta iliyozimwa ni baridi kama chumba, na mapezi yake yatalowa. Weka AC kwenye 25 au 26, au iache kompyuta nusu saa ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha. Kwa sababu hiyohiyo, vipoza vinavyotumia umeme kushusha prosesa chini ya joto la chumba si vya Mombasa.